Umeme ukikatika, simu ipi inabaki hai? Tulinganishe

MkungaArua: Habari za jioni ndugu zangu. Kliniki yetu hapa Arua, Uganda, ina simu ya mezani inayopitia ruta ya intaneti. Juzi umeme umekatika saa nne usiku, mama yuko katika uchungu, damu inamtoka. Nanyanyua simu, kimya. Simu yangu ya mkononi chaji asilimia 3. Tulimfikisha hospitali kwa boda, Mungu alisaidia. Sitaki yatokee tena. Ninunue betri ya ruta au katochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi?

FundiBombo: Pole sana dada. Simu za zamani za waya wa shaba zilikuwa zinapata umeme wa volti 48 kutoka betri za kituo cha simu, ndiyo maana nyumba ingekuwa gizani na simu inalia. Ya ruta inategemea umeme wako mwenyewe. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa 7), inabeba kama wati-saa 84. Usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Kwa ruta ya wati 10 hapo una muda wa kama saa nne. Na kile kisanduku cha faiba ukutani, kinacholetea ruta intaneti, nacho kinataka umeme! Wengi wanakisahau: ruta inawaka, laini hakuna. Ukikiunganisha, saa zitapungua.

DukaJinja: Katochi, dada. Yangu inakaa siku nne bila chaji, na tochi unamulikia. Weka laini mbili za mitandao tofauti.

FundiBombo: Sawa, ila mnara nao unakula umeme. Betri zake zikiisha na jenereta haina dizeli, umezima. Na mitandao miwili huweza kupanga mnara mmoja, ukizima mmekosa yote.

BiNakawa: Mtandao ukijaa, ujumbe mfupi hupenya pale sauti inapokwama. Na 112, namba ya dharura, hubebwa na mtandao wowote unaoshika hapo, hata kama wako haupo.

MkungaArua: Asanteni sana. Katochi nanunua kesho, itaning'inia ukutani chumba cha kujifungulia, haendi nayo mtu nyumbani. Betri mwisho wa mwezi. Fundi, kisanduku kinataka volti ngapi?

FundiBombo: Soma lebo ya adapta yake. Vingi ni 12. Ukikuta 9 au 5, usikichomeke moja kwa moja kwenye betri, utakiunguza. Nitumie picha ya lebo kwanza.