Mrejesho: darubini imetulia, miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupita) nimeiona

Ndugu zangu, shukran sana. Niliwauliza nifanyeje darubini yangu ya mkononi ya macho mawili, 10x50 (hukuza mara kumi, lenzi za mbele milimita 50), isitetemeke nikitazama nyota darini kwetu Lamu, maana stendi sina.

Kamba ya kukanyaga kwa mguu nilianza nayo: unaifunga kwenye darubini, unaikanyaga ncha ya chini, unaikaza. Inazuia kupanda na kushuka, lakini kuyumba kando bado, hasa kaskazi ikivuma. Kilichonifaa ni ufito wa mkoko: nimeukata unifikie machoni nikiwa nimekaa kitini, nikafungia darubini juu yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, chini nikaubana kwa nyayo. Subhanallah! Kilimia, kile kishada cha nyota, ambacho kwa macho matupu hunipa nyota sita, kilijaa nyota nikashindwa kuhesabu. Mshtarii ikawa kiduara, na kando yake vidoa vitatu mstari mmoja; usiku wa pili vinne. Ndiyo miezi ile aliyoiona Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, mwaka 1610. Nilimwamsha mama aje aone.

Kwa nyota za utosini ufito haufai. Hizo nalala chali mkekani, mito chini ya viwiko. Aliyenishauri hilo, Mungu amzidishie.