Acheni kusafisha HTML kwa re.sub, mnaacha milango wazi!

Wakuu, hili limezidi sasa. Mtu anapokea maoni ya watumiaji, anayapitisha kwenye re.sub, ile ya Python ya kutafuta na kubadilisha maandishi kwa ruwaza: re.sub(r'<script.*?</script>', '', html), kisha anatangaza tovuti yake ni salama. Haya, ipe <scr<script></script>ipt>. Cha katikati kinafutwa, vipande viwili vinaungana, na tagi ya <script> umeitengeneza wewe mwenyewe. Hata hiyo ukiizuia, <img src=x onerror=alert(1)> haina tagi ya script na bado inaendesha JavaScript bila shida.

Mkiambiwa tumieni BeautifulSoup, maktaba ya Python, mnaivamia tu. Ile ni ya kusoma HTML na kuijenga mti. Kuchuja ni kazi yako. Halafu mnaandika BeautifulSoup(html) bila kutaja kichanganuzi (parser, kile kinachoisoma HTML yenyewe), ikachukua kilichopo kwenye mashine: lxml kwanza, kisha html5lib, mwisho html.parser. Jaribuni <a></p>. lxml na html.parser zinaitupa </p>, html5lib inakuundia p tupu ndani ya a. Ndiyo maana kwako kinafanya kazi na kwenye seva kinatoa kingine! html5lib ni nzito, lakini ndiyo inayosoma kama vivinjari.

Na nani kawaambia mtaje tagi mbaya? Hazina mwisho. Tajeni zinazoruhusiwa: p, a, strong, em, ul, ol, li, code, basi. script, style na iframe zing'olewe pamoja na vilivyomo kwa decompose(). Nyingine zisizo kwenye orodha zivuliwe kwa unwrap(), maandishi yabaki. Ukiifanyia script unwrap(), msimbo wake unamwagika ukurasani kama aya. Na ukishang'oa mzazi, watoto wake bado wamo kwenye orodha ya tagi uliyopewa na find_all, kwa hiyo kagua .decomposed kabla ya kuwagusa.

Atributi, yaani sifa za ndani ya tagi kama href na onerror, ndiko mnakofia wengi. Ukizunguka tag.attrs huku unafuta, Python inakurushia RuntimeError kwa kuwa kamusi imebadilika ukubwa. Zunguka list(tag.attrs), halafu del tag[k] kwa kila isiyoruhusiwa. href usiikague kwa startswith('javascript:'). Mtu ataandika java&#9;script:alert(1); kichanganuzi kinaigeuza &#9; kuwa tabu, ukaguzi wako hauoni kitu, kivinjari kinaitupa tabu na kuendesha. Ondoa kwanza nafasi na herufi zisizoonekana, geuza iwe herufi ndogo, kisha ruhusu http, https na mailto pekee.

Komenti za HTML (<!-- -->) nazo find_all(True) haizirudishi, kwa kuwa inarudisha tagi tu. Zitafute kwa string=lambda s: isinstance(s, Comment), uzitoe kwa extract().

Kuna na wajanja wa get_text(), eti imebaki maandishi matupu. Inafungua &lt;script&gt; ikawa <script> halisi; ukiibandika ukurasani bila html.escape, inayozigeuza alama za tagi kuwa maandishi ya kawaida, umemfungulia mshambuliaji mlango aliokuta umefungwa.

Kwa kazi ya kweli, tumieni nh3, maktaba ya Python ya kusafisha HTML, iliyojengwa juu ya ammonia, maktaba ya lugha ya Rust. Bleach, maktaba nyingine ya kazi hiyo, ilitangazwa kustaafishwa Januari 2023, msiianzie mradi mpya. Na lxml.html.clean, nayo ya kusafisha HTML, iliondolewa ndani ya lxml tangu toleo 5.2, sasa inasakinishwa peke yake kwa jina lxml_html_clean. Import ikigoma baada ya kusasisha, sababu ndiyo hiyo, msije kulalamika kwamba Python imeharibika.