Mrejesho: ile ekskaveta ndogo iliyotumika

Wakuu, niliwauliza kama ninunue ekskaveta ndogo (mashine ya kuchimba udongo) iliyotumika yenye saa 4,200 za kazi. Mkaniambia niiwashe injini ikiwa baridi, na nisiamini hizo saa za kwenye mita kabla ya kutikisa mkono wake unaobeba ndoo. Asanteni sana!

Nilipofika nikakuta muuzaji ameshaipasha moto injini, sikuweza kuijaribu ikiwa baridi, nikaondoka. Ekskaveta nyingine niliyoenda kuona iliwaka mara moja, ila ndoo ilipogusa chini, pini inayoishika ikacheza. Bushi, lile bomba fupi linaloshika pini, imelika upande mmoja. Nikapunguziwa bei, nikainunua, nikabadilisha pini na bushi. Sasa kila asubuhi napiga grisi mpaka ile nyeusi ya zamani itoke pembeni. Mnyororo wa mpira ambao mashine hutembelea ulilegea, nao nimeukaza kwa grisi.

Silinda ya mkono bado inavuja oili kidogo. Sili mpya (pete ya kuzuia oili isivuje) naifunga wiki hii.