Presha ya mdogo wangu inagoma kushuka, eti tatizo dopamini ya kichwani?

Wakuu salaam, naombeni ushauri. Dogo ana miaka 34, sio mnene wala hanywi pombe ila presha inacheza 170/110, kapewa amlodipini, losatani na ile ya kukojoza, anakunywa kila siku namsimamia mwenyewe lakini wapi. Sasa kuna jamaa mtandaoni anauza virutubisho, kasema dopamini imeisha kwenye ubongo ndo maana homoni zimevurugika, dozi laki tatu na nusu na aache kwanza dawa za hospitali. Dogo kashakubali. Ina ukweli hii?

Kijiweni1: Laki tatu na nusu? Hapo itakayopanda ni presha yako mkuu 😂

Mama Naima: Asiache dawa jamani, kiharusi hakipigi hodi!

Daktari wa Uswazi: Huyo muuzaji kachanganya mafaili. Dopamini ya kwenye damu haivuki kuingia kwenye ubongo, na figo zinajitengenezea ya kwao, kazi yake huko ni kusaidia kutoa chumvi kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo na presha inahusiana ndio, ila ICU tunaiweka kwenye dripu KUPANDISHA presha iliyoporomoka, sasa yeye anaiongeza ili ishushe nini? Homoni ya kuitazama kwa kijana anayemeza dawa tatu ni aldosteroni, inatoka kwenye vitezi vilivyokaa juu ya figo, inaziambia figo zishikilie chumvi, ikizidi presha inagoma kweli na potasiamu, madini ya kwenye damu, inaweza kushuka (wengi iko kawaida tu, isikudanganye). Ikithibitika kuna dawa ya kuizuia, spironolaktoni. Kama ana vipindi vya kichwa kugonga, jasho na moyo kwenda mbio amwambie daktari, kwenye vitezi hivyohivyo panaweza kuota uvimbe unaomwaga adrenalini, ni nadra lakini upo. Halafu, anatumia dawa za maumivu?

Mleta uzi: Dah, mgongo unamsumbua, diklofenaki anatafuna kama karanga.

Daktari wa Uswazi: Anzieni hapo basi! Diklofenaki inabakiza chumvi mwilini, inazipunguzia nguvu losatani na ya kukojoza, na zikikutana zote tatu figo zinaumia. Arudi kwa daktari wake wiki hii apewe nyingine ya mgongo na apimwe kreatinini (inaonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu, presha ikibaki juu ndo aombe kipimo cha aldosteroni na renini, ile ya figo inayoiamsha aldosteroni.

Mleta uzi: Hicho kipimo huku mkoani kipo?

Daktari wa Uswazi: Ulizia maabara ya hospitali ya rufaa kama wanachukua damu na kuituma. Na asisimamishe dawa za presha mwenyewe eti anajiandaa na kipimo, hilo anapanga daktari.