Naomba ushauri: nimeripoti tangazo la utapeli mara nne na bado lipo

Mwanzisha uzi:
Habari zenu, wakuu. Katika jamii ya majadiliano ninayoshiriki, kuna akaunti inayobandika tangazo lilelile la mkopo usio na dhamana chini ya kila mada, na kiungo chake kinafanana na anwani ya benki isipokuwa sifuri imewekwa mahali pa herufi o. Nimeripoti mara nne chini ya kipengele cha "sipendezwi na hili" nikaambiwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Juzi uvumilivu ulinishinda, nikamjibu hadharani kuwa ni tapeli, kumbe jibu langu ndilo lililoipandisha mada ile juu kabisa. Baya zaidi, mwenzetu aliyewahi kumkosoa amebandikiwa namba yake ya simu pamoja na vitisho. Je, niwahimize wanachama wote turipoti kwa pamoja?

Kalamu Kavu:
Mkuu, hicho kipengele ndicho kilichokuangusha, kwa kuwa kinaeleza ladha yako wala hakitaji kosa. Teua "ulaghai", uripoti ujumbe wenyewe badala ya akaunti peke yake, na pakiwepo nafasi ya maelezo uandike kuhusu ile sifuri, kwa sababu anayepokea ripoti ana mamia mbele yake na hataigundua kwa kupitisha macho tu. Kuhusu kuripoti kwa pamoja, mimi ningesita: ripoti si kura, na wasimamizi wakiona wimbi la ripoti zinazofanana neno kwa neno huweza kudhani kuna kundi linalomwandama mtu.

Mlinzi wa Zamu:
Naongezea kuhusu vitisho, maana nimewahi kuwa msimamizi. Kabla ya kuripoti, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, kisha nakili kiungo cha ujumbe, kwani ukishafutwa hutakuwa na la kuwaonyesha polisi. Kumzuia mhusika kunamficha machoni pako tu. Wengine wataendelea kuiona namba ile. Mwulize kwanza mwenye namba anataka nini, kwa sababu yeye ndiye atakayepigiwa usiku. Tahadhari moja: picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto usizihifadhi wala kuzituma kwa yeyote, hata kama ushahidi. Ripoti kiungo papo hapo kwa mtandao husika na kwa polisi, au kwa Internet Watch Foundation, shirika la Uingereza linalopokea ripoti za namna hiyo tangu 1996.

Mwanzisha uzi:
Nashukuru sana, wakuu. Nimeripoti upya chini ya "ulaghai" nikiitaja ile sifuri, na tangazo limeondolewa jioni hii. Jibu langu la hasira nimelifuta mwenyewe. Mwenye namba amekubali niripoti vitisho, naye anakwenda polisi kesho na zile picha. Ujumbe wenyewe wa vitisho, hadi ninapoandika haya, bado unasomeka.