Taa ya tangi la samaki inapepesa na kuzima: tupeane uzoefu

Salaam wandugu. Wenye matangi madogo nyumbani hapa Mombasa, tuleteni visa vyetu vya taa, kila mmoja aanze kwa jina la mtaa wake. Inaniuma kuona watu wanatupa taa nzima ya LED kumbe kilichooza ni kiungo kimoja tu. Hewa yetu ina chumvi, na juu ya tangi mvuke haukatiki. Shaba haivumilii hayo.

Naanza mimi. Taa ilikuwa ikiwaka kidogo, ikipepesa, kisha kimya. Ukiutikisa waya, inarudi. Nikachomoa plagi kwanza; hilo halina mjadala, stima yetu ni volti 240 na mikono imeshika maji. Kutazama pale adapta inapoingia kwenye taa, kile kipini cha kati kimeota kutu ya kijani. Nikakisugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, nikakiacha kikauke sawasawa. Mpaka leo inawaka.

Likoni: Kwangu ilikuwa adapta. Kuipima kwa mita ikiwa peke yake, volti 12 kamili, nikaona nzima. Nikaipima tena taa ikiwa imeunganishwa, ikaanguka hadi 7. Kwa hivyo ipimeni ikiwa kazini. Ukinunua nyingine, volti ziwe zilezile, na chanya na hasi zikae kama mchoro wa kwenye kibandiko. Ampea zikizidi hazina neno, zikipungua ndipo adapta inachemka.

Kisauni: Mimi bado natumia tyubu. Ikihangaika kuwaka nabadilisha stata kwanza, kile kidude cha kuiwashia tyubu, ni bei ya chini. Ncha za tyubu zikiwa nyeusi, basi tyubu imechoka.

Mji wa Kale: Kisa changu kina funzo kwa mafundi pia. Maji yaliingia kwenye ukanda wa LED, fundi akauziba kwa silikoni ileile ya kubandikia vioo vya tangi, ile inayonuka siki. Ikawaka vizuri, halafu taa zikaanza kuzima tatu tatu. Fundi mwingine alipoukata ule mpira, njia za shaba zilikuwa zimeliwa, kijani kitupu. Silikoni hiyo ikikauka hutoa asidi ya siki, na kwenye shaba asidi ni sumu. Kwenye waya na viungo takeni ile isiyonuka siki. Na hizo tatu tatu zisiwatishe: kwenye ukanda wa volti 12 LED huwa zimefungwa kwa mafungu, mara nyingi tatu, kwa hivyo moja ikikatika huzima na wenzake. Fundi huyo wa pili aliunga njia iliyokatika kwa risasi ya kulehemia, fungu likarudi.

Changamwe: Samahani, na samaki je, hawatadhurika gizani wakati taa iko kwa fundi?

Likoni: La, ndugu yangu. Mwanga wa chumbani mchana unawatosha. Mimea ndiyo itakayonyong'onyea ukichelewa sana. Ila usilisogeze tangi kwenye jua la dirishani, maji yatapata joto na mwani wa kijani utajaa vioo.

Ni mimi tena niliyeanzisha mada, na jambo moja kabla sijasahau: wayani hutiririka matone kutoka kwenye kifuniko. Uacheni waya uning'inie chini kuliko soketi ndipo upande kwenye plagi, maji yadondokee sakafuni. Kwangu soketi iko chini mno, nikaweka ekstensheni ukutani, juu ya usawa wa maji.