Hattie McDaniel alidhulumiwa mpaka kaburini, acheni kuipongeza Hollywood

Wakuu, nimechoka. Kila msimu wa Oscar ukifika watu wanasambaza picha ya mwigizaji Hattie McDaniel akitabasamu, na maneno ni yaleyale: mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, hongera Hollywood. Hongera ya nini?

Usiku wa 29 Februari 1940 tuzo zilitolewa kwenye ukumbi wa Cocoanut Grove, hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli ile haikupokea watu weusi. Ilibidi mtayarishaji David Selznick amwombee ruhusa ya kuingia tu, na alipoingia hakuketishwa na wenzake wa Gone with the Wind, filamu iliyompa tuzo hiyo. Walimtengea kijimeza pembeni, kando ya ukuta. Mshindi! Na Desemba 1939, filamu hiyohiyo ilipozinduliwa Atlanta, hakuwepo, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Georgia.

Halafu kuna hawa wanaomtukana eti alijidhalilisha kwa kuigiza wajakazi maisha yake yote. Hata enzi zake alisemwa sana, Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, akiwa mbele. Jamani, nafasi zile aliziandika yeye? Huyu ni binti wa wazazi waliozaliwa utumwani, mwimbaji aliyerekodi nyimbo zake miaka ya 1920, kabla hajafika Hollywood. Studio zikamwona kipaji chote hicho, zikampa aproni. Tena mwaka 1945, majirani wazungu wa mtaa wa West Adams Heights, Los Angeles, walipokwenda mahakamani kutaka weusi wafukuzwe kwenye nyumba walizonunua kwa pesa zao, yeye alikuwa miongoni mwa waliopambana wakashinda. Hilo mbona hamlisambazi?

Linaloniuma kuliko yote ni mazishi. Alifariki Oktoba 1952 kwa saratani ya matiti, na alikuwa ameomba azikwe makaburi ya Hollywood, walikolala nyota wenzake. Wakakataa kwa sababu ya rangi yake, akazikwa makaburi mengine, ya Rosedale. Mnara wa kumkumbuka pale Hollywood ulikuja kujengwa 1999!

Tuzo yenyewe aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ikapotelea hukohuko, mpaka leo haijaonekana. Akademia, wale wanaotoa Oscar, ilitoa nyingine 2023. Sasa mtu ananijibu kwa kujiamini kabisa kwamba mambo yalisharekebishwa. Yalirekebishwa kwa faida ya nani, wakati mwenyewe alikufa 1952?